Kufuli Tatu Ndani ya Simu: Hotuba kwa Wanachama wa Kikoba, Ifakara

Ndugu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wazee wetu mliokubali kukaa nasi asubuhi hii, mama zangu, dada zangu na vijana wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze kabla ya kura, na nadhani nimeombwa kwa sababu mbili: kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikaa nyuma ya meza ya uwakala wa pesa za simu pale stendi, na kwamba mimi ni mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku hili mnaloliona. Hoja yenyewe ikisomwa ni fupi. Inasema kwamba kuanzia mzunguko ujao hisa zetu, mikopo yetu na marejesho yetu yapite kwenye akaunti ya kikundi ndani ya simu, na sanduku lipumzike. Siipingi hoja hiyo, kwa kuwa simu imenilisha na imenisomeshea watoto wawili. Ninachoomba ni kwamba, kabla hatujaihamisha fedha, tujue kila moja ya kufuli hizi tatu inahamia wapi.

Tulitazame sanduku kwanza. Ni la bati, rangi yake ya kijani imebanduka pembeni, na lina komeo tatu kwa sababu waliotufundisha utaratibu huu walijua tabia ya binadamu. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Washika funguo watatu hawalali na sanduku, na wala si viongozi. Kila Jumamosi, kabla kufuli hazijafunguliwa, tunaulizwa salio la wiki iliyopita tulikumbuke kwa vichwa vyetu, kisha wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti hadi aliyekaa mlangoni asikie. Mwizi wa ndani hana pa kupita. Mwizi wa nje, hata hivyo, anaweza kulibeba sanduku zima, na mtunza sanduku wetu anajua maana ya kulala na milioni za watu chini ya kitanda huku mbwa wa jirani akibweka. Tena msimu wa kupanda, wenzetu wanapohamia mashambani ng'ambo ya mto, hisa zao zinakwama kwa sababu sanduku haliwafuati. Matatizo hayo mawili simu inayatibu kweli.

Sasa fedha ikiingia kwenye simu inakaa wapi? Swali hili niliulizwa mezani mara nyingi, hasa na wazee, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Fedha haiko ndani ya simu. Simu ikitumbukia Mto Kilombero, unakwenda kurudisha laini yako na salio unalikuta. Ulichonacho ni kumbukumbu katika mitambo ya kampuni, inayosema kwamba unaidai kampuni kiasi fulani. Ukimpa wakala shilingi elfu hamsini, noti zinabaki kwenye droo yake, naye anakuhamishia salio la thamani hiyo hiyo ambalo alilinunua mapema kwa fedha zake mwenyewe. Na kwa kila shilingi ya salio iliyo kwa wateja na mawakala, inatakiwa iwepo shilingi halisi benki, katika akaunti ya udhamini iliyotengwa na fedha za kampuni za kuendeshea biashara, ili kampuni ikiyumba fedha ya wateja isiyumbe nayo. Huduma hizi zilipoanza nchini mwaka 2008, Benki Kuu ilizisimamia kwa barua za kutokuwa na pingamizi. Ilitubidi tusubiri hadi mwaka 2015 ndipo ikapatikana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki. Fedha iliyolala kwenye akaunti hizo huzaa riba, na mtakumbuka kwamba mwaka 2014 wateja wa Tigo Pesa walianza kugawiwa sehemu yake. Watu walikuja mezani kwangu na simu zao wakiamini wametapeliwa, kwa kuwa hawakuwahi kuona pesa inayokuja bila mtumaji.

Kwa hiyo kampuni yenyewe kuila fedha yetu si jambo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi kiko karibu zaidi na hapa tulipokaa.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa majirani zetu wa Kenya, kwa sababu wengi tunadhani huduma hii ilibuniwa kwa ajili ya kutumiana nauli na matumizi. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilizinduliwa huko Machi 2007, lakini kabla ya hapo, mwaka 2005, ilifanyiwa majaribio pamoja na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji wa vikundi, watu kama sisi hasa, wapokee mikopo na kurejesha kwa simu. Majaribio yalileta jambo ambalo halikutarajiwa. Wateja walianza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, kulipana kwenye biashara, na wengine kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari na kuitoa wakifika, ili wasiporwe njiani. Upande wa vikundi, kinyume chake, ulikuwa na usumbufu: mahesabu ya mitambo ya simu na vitabu vya taasisi yalikuwa magumu kuyalinganisha. Huduma ilipotoka rasmi, ilitoka kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na habari ya vikundi ikawekwa pembeni. Ninalisema hili kwa sababu waleta hoja wamesema mara tatu kwamba simu imeshajibu maswali yote. Swali la mtu mmoja kumtumia mwenzake imelijibu vizuri sana. Swali la watu thelathini na wawili kushika fedha moja kwa pamoja, bila kuaminiana kupita kiasi, ndilo lililokuwa gumu tangu siku ya kwanza.

Niwaeleze kilichonipata mimi, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kuliko semina zote. Siku moja ya Jumamosi, foleni ikiwa ndefu, alikuja kijana nadhifu aliyevaa fulana yenye rangi za kampuni, ameshika karatasi zenye orodha ya mawakala, akaniita kwa jina na kutaja namba yangu ya uwakala. Alisema anahuisha laini za mawakala wa stendi nzima. Aliniomba nibonyeze tarakimu alizokuwa ananitajia, nami nikabonyeza. Menyu ilipouliza namba ya siri, nikaiingiza huku nikimrudishia chenji mama mmoja wa nyanya. Alishukuru akaondoka kwa utulivu. Saa tisa alasiri mteja alikuja kuweka fedha, mtambo ukanijibu kwamba salio halitoshi. Shilingi laki sita na arobaini elfu zilikuwa zimekwenda kwenye namba nisiyoijua na zimeshatolewa mji mwingine. Nilipiga simu huduma kwa wateja, na jina la kampuni halina kazi hapa. Dada aliyenipokea alikuwa na adabu, akaangalia, akaniambia kwamba muamala uliidhinishwa kwa namba yangu sahihi ya siri, kwa hiyo ni muamala wangu. Nililipa deni lile kwa kamisheni ya miezi minane.

Nimelitafakari jibu lake kwa muda mrefu, na siku hizi sina hasira naye. Mtambo unauliza kitu kimoja tu, kama tarakimu nne ni zile zile. Hauulizi nani amezibonyeza, amesimama na nani, wala kama alikuwa anafikiri. Sanduku la bati, pamoja na ujinga wake wote, linadai watu watatu wenye akili timamu wasimame mahali pamoja.

Na tarakimu nne zenyewe, ndugu zangu, tunazitunza vipi? Nimeambiwa namba za siri za nusu ya mtaa huu bila kuuliza. Bibi mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akininyooshea simu na kuzitaja kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa. Mzee mwingine alizikwaruza kwa msumari nyuma ya betri. Wengi wametumia mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza, ambao kijiji kizima kinaujua, na wengi zaidi wamemwachia mjukuu afanye kila kitu kwa kuwa maandishi ni madogo. Siwacheki. Huduma ilitufikia kabla miwani haijatufikia. Lakini tukichagua waidhinishaji watatu wa akaunti ya kikundi, na namba za siri za wawili kati yao zikawa kichwani mwa kijana mmoja yule yule, basi tumefunga kufuli tatu kwa ufunguo mmoja.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kubwa. Huduma za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya vikoba zipo. M-Koba, kwa mfano, ilianza mwaka 2019 kwa ushirikiano wa Vodacom na Benki ya TPB. Katika huduma za namna hiyo mmoja huanzisha ombi la kutoa fedha, na wengine huliidhinisha, kila mmoja kwa simu yake na namba yake ya siri. Mpango huo ni mzuri, na ni bora mara mia kuliko kuweka fedha ya kikundi kwenye laini ya Mweka Hazina, jambo ambalo vikundi kadhaa vya hapa mjini vimelifanya na baadhi vimelijutia. Ila fomu inapouliza majina ya waidhinishaji, mazoea yetu ni kuandika Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa kuwa ndio viongozi na ndio waliokwenda kuichukua fomu. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeuvunja utaratibu wa sanduku bila kujua. Wenye funguo hawakuwa viongozi kwa makusudi: anayeandika kitabu asiwe anayefungua kufuli. Naomba waidhinishaji wawe washika funguo watakaochaguliwa na mkutano huu, wasiwe wa nyumba moja wala wa ukoo mmoja, na ninasema hivyo nikijua kwamba Mwenyekiti na Mweka Hazina wetu ni mtu na shemeji yake, watu waaminifu ambao hawatanichukia kwa kulisema. Kila atakayechaguliwa apige *106# mbele yetu, tuone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa, maana laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako ni mlango uliofunguliwa nyuma ya nyumba.

Ile hesabu ya sauti nayo tusiiache. Ujumbe wa simu utakuja kwa kila mwanachama fedha inapoingia au kutoka, na wengine wamesema kwamba huo unatosha, kwamba hakuna haja tena ya kukutana kila wiki. Mimi naona hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba ujumbe usiosomwa ni sawa na ujumbe ambao haukutumwa, na sote tunajua simu zetu zilivyojaa matangazo ya bahati nasibu. Ya pili ni nyeti kidogo, mtaniwia radhi. Wapo kati yetu wanaotumia simu moja na mume, au simu yao inakaa kwa mwana, na wamekuwa wakiweka hisa zao kimya kimya kwa ajili ya ada, matibabu au bati la chumba cha pili. Sanduku halikuwatangaza kwa mtu yeyote nyumbani. Simu itatangaza. Sijui kama mkutano huu unaweza kulitatua, lakini waleta hoja hawakuligusa, na wenye shida hiyo hawatasimama kuisema.

Kuna jambo la fedha taslimu pia. Anayekaa upande wenu wa meza anamwona wakala kama bomba: unafungua, pesa inatoka. Mwezi wa Sita, mpunga ukishaanikwa na wanunuzi wakashuka kutoka Morogoro na Dar es Salaam, kila mkulima analipwa kwa simu na kila mmoja anataka noti siku hiyo hiyo. Kufikia saa nne asubuhi droo yangu ilikuwa imekauka, wakati salio kwenye simu ya uwakala limefurika, na ilinibidi nifunge mwavuli nipande bodaboda kwenda benki kuligeuza salio kuwa noti, huku foleni ikihamia kwa jirani ambaye naye droo yake ilikuwa inakauka. Januari mambo hugeuka. Wazazi wanaleta noti ili watume mahitaji ya shule, droo inafurika na salio linaisha. Mtaji ni ule ule, ila kila siku uko upande ambao mteja hauhitaji. Sisi tunavunja mzunguko, yaani tunagawana tulichoweka, mwezi wa Kumi na Moja kabla ya kulima, wiki ambazo karibu vikoba vyote vya hapa vinavunja. Watu thelathini na wawili wakipokea gawio kwenye simu mchana mmoja, wote wakatoka kwenda kutoa, hakuna meza ya pale stendi itakayowatosha. Nashauri gawio la mwaka huu litolewe taslimu kwa utaratibu wa siku zote, hata kama hoja itapita.

Kuhusu makato nitasema kidogo, kwa kuwa bango la bei limebandikwa kwenye kila meza na kila mtu anaweza kulisoma. Makato yamepangwa kwa viwango, hivyo hisa ndogo ndogo za kila wiki zinaweza kumegwa mara nyingi kuliko fedha hiyo hiyo ikitumwa mara moja kwa mwezi. Tuulize kwanza kama kuingiza hisa kwenye akaunti ya kikundi kunakatwa. Na tukumbuke kwamba bei si mkataba wa milele. Julai 2021 Serikali iliweka tozo ya miamala iliyoanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na Septemba mwaka huo huo ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya malalamiko. Miezi ile miwili nilikaa mezani nikisoma gazeti. Wateja wangu walirudi kuwapa bahasha makondakta wa mabasi, kama walivyofanya zamani nilipokuwa msichana, na nikajifunza kwamba watu hawakuwa wameoana na simu. Walikuwa wapangaji tu.

Vijana wamependekeza pia tukubali mikopo ya haraka ya kwenye simu iwe mbadala wa mikopo ya kikundi pale sanduku linapopungukiwa. Hapo napinga bila kuzunguka. Mikopo inayotolewa na benki kupitia kampuni za simu ina usimamizi, ingawa gharama yake ipigiwe hesabu kwa mwaka ndipo iitwe nafuu. Ile ya programu za mtandaoni ni habari nyingine: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili, shangazi yako, mwalimu wa mtoto wako na fundi aliyekujengea choo wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Anayechelewesha rejesho hapa kwetu anatozwa faini na kutazamwa kwa jicho baya Jumamosi moja. Basi.

Na kwa wale watakaokuwa waidhinishaji, ule ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii» utawafikia, pengine siku ileile mnayotakiwa kumtumia mtu fedha ya mkopo, maana ndivyo unavyofanya kazi: unatumwa kwa maelfu ya watu, na siku yoyote ile kati ya maelfu yupo anayedaiwa kodi. Msiujibu. Tumeni namba iliyowaandikia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na kabla ya kuingiza namba ya siri someni jina linalotokea kwenye kioo, tena kwa sauti, mtu wa pili akisikiliza. Fedha ikishakwenda kwa asiyehusika na akaitoa, mtaongea na yule dada mwenye adabu niliyeongea naye mimi.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo langu ni kwamba hoja ipite kwa marekebisho. Hisa na mikopo viende kwenye akaunti ya kikundi kwa miezi mitatu ya majaribio, waidhinishaji wakiwa washika funguo waliochaguliwa leo. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, ubaki ndani ya sanduku, kwa kuwa msiba hausubiri mtandao urudi wala wakala apate noti. Jumamosi tuendelee kukutana, Katibu asome salio la simu kwa sauti, na wahesabu fedha walilinganishe na kitabu mstari kwa mstari.

Ufunguo wangu, ule wa kufuli ya kati, nauweka hapa mezani ili nisihesabiwe kuwa ninaitetea nafasi yangu mwenyewe. Kabla ya kura naomba wenzangu wawili walete wa kwao, sanduku lifunguliwe, na tuambiane salio la wiki iliyopita lilikuwa shilingi ngapi.